Sauti Inayosubiri Jibu



Nimealikwa kuzungumzia ujumbe wa sauti, huu ambao vijana wanauita voisi, pamoja na podikasti, na nafasi ya vyombo hivi viwili katika mazungumzo ya kina. Wapo wanaoona mada hii haistahili ukumbi kama huu. Kwao voisi ni ya mtu mvivu wa kuandika, na podikasti ni umbea uliowekewa maikrofoni. Fikra nzito, wanasema, zina makao mawili tu: kitabu na kikao cha ana kwa ana.

Hoja nitakayoitetea leo ni nyingine. Mazungumzo hupata kina yanapotimiza masharti mawili. La kwanza ni muhula wa kufikiri kati ya kauli na jibu. La pili ni wajibu wa kujibu kile hasa kilichosemwa. Kikao cha ana kwa ana kina sharti la pili, na mara nyingi hukosa la kwanza. Kitabu kina la kwanza, hukosa la pili. Sauti iliyorekodiwa inaweza kuyatimiza yote mawili, ila haiyatimizi yenyewe. Ni watu wanaopaswa kuyapangia nafasi. Tusipoyapangia, wenye malalamiko niliyoyataja watakuwa na haki.

Haraka ya kikao

Tuanze na kikao, kwa kuwa ndicho kipimo kinachotumiwa na kila mtu. Mwaka 2009 Tanya Stivers na wenzake walichapisha utafiti wa mazungumzo ya kawaida katika lugha 10, zikiwemo Kidenishi, Kijapani na lugha ya jamii ndogo ya kaskazini mwa Namibia. Walipima muda unaopita tangu mtu amalize kuuliza swali hadi mwenzake aanze kujibu. Lugha zilitofautiana, lakini wastani wa zote ulikuwa karibu na milisekunde 200, yaani sehemu ya tano ya sekunde. Kwa upande mwingine, wanasaikolojia wa lugha wameonyesha kwamba mtu akipewa picha aitaje kwa neno moja tu, huhitaji takriban milisekunde 600 kabla neno halijamtoka. Ukiziweka takwimu hizi mbili pamoja, utaona kwamba hatuwezi kujibu kwa wakati bila kuanza kulitunga jibu huku mwenzetu bado anasema.

Katika kusalimiana au kuulizana bei ya nyanya, hilo halina madhara. Lakini yuko mtu anayeeleza kwa nini ameamua kuacha kazi, na yuko binti anayemwambia baba yake kwamba hataki ndoa aliyopangiwa. Jibu linalotoka kwa sehemu ya tano ya sekunde katika mambo kama hayo lilikuwepo kabla ya swali. Linachotwa kwenye akiba ya nasaha tulizozizoea na hasira tulizozilimbikiza. Katika kikao cha namna hiyo mwepesi wa ulimi ndiye anayeshinda, na mwenye neno la maana hulikumbuka akiwa njiani kurudi kwake.

Tusisahau pia kwamba zamu katika vikao vyetu haziko sawa. Baraza la nje ya nyumba ya mwambao limelea wanazuoni na washairi, na ninaliheshimu. Hata hivyo, kwa muda mrefu limekuwa la wanaume, na ndani yake kijana husubiri wakubwa wamalize. Wakimaliza, jua limeshakuchwa na mada imeshahama.

Jadi ya kujibizana

Jadi ya Kiswahili ina njia yake ya kuupa muhula heshima. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mombasa na Lamu zilipokuwa mahasimu katika zama za Vita vya Shela, Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana kwa mashairi na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu. Shairi lilisafiri, likaghaniwa, likajadiliwa, na jibu lake likatungwa na kurudishwa. Anayejibu hakuwa na uhuru wa kusema chochote kilichomjia. Desturi ilimtaka aifuate bahari ya shairi aliloletewa, na mara nyingi vina vyake pia. Ilimpasa kwanza alishike shairi la mpinzani wake, alipime neno kwa neno, aone lilipofunga na lilipoacha mwanya, ndipo afungue kinywa. Kwa hiyo umbo la shairi lilimlazimisha adui amsikilize adui yake. Nadhani hilo ni jambo kubwa kuliko hata uzuri wa beti zenyewe.

Zaidi ya karne moja na nusu baadaye, katikati ya miaka ya 1970, eneo lile lile la Lamu lilionyesha kwamba mashine haikuiua jadi hiyo. Katika kinyang'anyiro cha ubunge, washairi wa pande mbili walijibizana kwa mashairi yaliyojulikana kama Kimondo. Safari hii mashairi yalirekodiwa, na kanda zikapita mkono kwa mkono. Kaseti ilikuwa bado kitu kipya. Kampuni ya Philips iliitoa hadharani mwaka 1963, katika maonyesho ya Berlin. Kaseti haikuhitaji kituo cha redio wala kibali cha mhariri. Mtu aliyeletewa kanda ya upande wa pili aliweza kuirudisha nyuma, akasikiliza tena ule ubeti uliomchoma, akalala nao, kisha akatunga.

Kaseti hizo hizo zilibeba na barua. Familia zilizotawanyika baina ya Unguja, Pemba, Mombasa na miji ya Ghuba baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 zilitumiana sauti kwa mkono wa wasafiri. Mpokeaji alisikia habari za ndugu yake pamoja na kikohozi chake, mwadhini wa mtaa wake na watoto waliokuwa wakicheza nyuma ya dirisha. Kisha alikaa, akapanga la kusema, akarekodi upande wa pili wa kanda. Anayedhani voisi ilianza Agosti 2013, WhatsApp ilipoweka kitufe cha kurekodi, amechelewa kuihesabu historia kwa miongo kadhaa. Kilichobadilika ni wepesi na wingi. Mwaka 2022 WhatsApp yenyewe ilitangaza kwamba watumiaji wake walikuwa wakitumiana, kwa wastani, jumbe za sauti bilioni 7 kwa siku.

Kilichomo ndani ya sauti

Mtu anaweza kuuliza: ikiwa tunachokitaka ni muhula, kwa nini tusiandikiane tu? Barua inao muhula, tena mrefu.

Mwaka 2017 Juliana Schroeder, Michael Kardas na Nicholas Epley walichapisha majaribio waliyofanya Marekani. Washiriki walipewa maoni ya watu wasiokubaliana nao katika masuala ya siasa na jamii. Wengine waliyasoma, wengine waliyasikia kwa sauti, na wengine waliyatazama kwenye video. Waliosoma walielekea zaidi kumwona msemaji kuwa mtu mwenye upungufu wa akili na wa utu. Waliosikia walielekea kumwona kuwa mtu anayefikiri, ingawa msimamo wake hawakuukubali. Kupanda na kushuka kwa sauti, kusita na kutafuta neno humwonyesha msikilizaji kwamba upande wa pili kuna akili inayofanya kazi.

Watu wa magrupu wanaijua maana ya utafiti huu hata kama hawajausoma. Ugomvi wa grupu la ukoo kuhusu kiwanja cha urithi huwaka kwa maandishi, na ukaidi huongezeka kila mtu anapojibu kwa mistari miwili. Shangazi mmoja akirekodi dakika tatu, akieleza taratibu marehemu alisema nini na mbele ya nani, joto hushuka. Huenda bado hawakubaliani, ila kila mmoja amekumbushwa kwamba anayebishana naye ni ndugu.

Sauti pia inawaingiza ndani ya mazungumzo watu ambao maandishi yanawaacha nje: mzee ambaye kuandika kwake ni kwa shida, mtu asiyeona, fundi mwenye grisi mikononi. Na inaiingiza lugha yenyewe. Mtu wa Goma, wa Lamu na wa Iringa wakiandika, kila mmoja hujibana ndani ya Kiswahili cha shule. Wakisema, kila mmoja huja na lugha yake nzima, lafudhi yake, utani wake na namna yake ya kukwepa jambo zito kabla ya kulifikia. Fikra nyingi za watu wetu hazijawahi kupata umbo la maandishi, na kuzisubiri ziandikwe ndipo tuziite fikra ni dhuluma.

Lipo linalopotea, na sitalificha. Ana kwa ana, msikilizaji husaidia kuijenga hoja. Anaitikia "enhe", anakunja uso, anakatiza kuuliza "nani huyo?" Msimulizi akianza "Paukwa" hawezi kuendelea mpaka hadhira iseme "Pakawa". Anayerekodi yuko peke yake na kioo cha simu. Hana wa kumwambia kwamba amepotea njia. Ndiyo maana tunapokea zile voisi za dakika nane ambazo hatujui mtumaji alitaka nini. Tatizo lake haliko kwenye urefu. Voisi hizo hazikuwa na swali, kwa hiyo haziwezi kujibiwa.

Podikasti na msikilizaji aliye kimya

Hapa nageukia podikasti, ambazo mtihani wake ni mgumu zaidi. Katika kitabu cha Plato kiitwacho Phaedrus, Socrates anayalaumu maandishi kwamba ukiyauliza jambo, yanarudia maneno yale yale. Ujumbe wa sauti unaepuka lawama hiyo kwa kuwa mwenye sauti yuko upande wa pili na anaweza kuulizwa. Podikasti inaangukia humo moja kwa moja. Inarudia.

Teknolojia yake ni rahisi. Mwaka 2003, mjini Cambridge katika jimbo la Massachusetts, mwandishi wa habari Christopher Lydon alirekodi mahojiano, na Dave Winer, mtaalamu wa programu, akamsaidia kuyasambaza kwa mfumo unaoiwezesha kompyuta ya msikilizaji kujipakulia faili jipya kila linapotoka. Juni 2005 kampuni ya Apple iliuingiza mfumo huo ndani ya iTunes, na kazi ikaenea duniani. Kilichokuwa kipya kilikuwa uhuru wa muda. Mtangazaji wa redio hubanwa na taarifa ya habari ya saa kamili na matangazo ya biashara. Mwenye podikasti anaweza kumwacha mgeni amalize wazo lake. Kwetu, mahojiano marefu ya Salama Jabir katika "Salama Na" yamewapa wasanii na watu mashuhuri wa Tanzania nafasi ya kueleza maisha yao kwa mapana ambayo kipindi cha kawaida hakina. Nairobi, Adelle Onyango alianzisha "Legally Clueless" mwaka 2019, na ndani yake akatenga sehemu ya Waafrika wa kawaida kusimulia yaliyowapata.

Hata hivyo, baada ya saa nzima ya kumsikiliza mtu sikioni, tukiwa kwenye daladala au jikoni, tunahisi tumezungumza naye. Hatukuzungumza naye. Yeye hatujui, hajasikia tulipokataa kimoyomoyo, na wiki ijayo ataendelea kama vile tumekubali. Anaweza kusikilizwa na watu laki moja na asijibiwe na hata mmoja.

Je, kuna namna ya kuifanya sauti ya upande mmoja izae mazungumzo? Ipo, na ilifanyika Tanzania. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, kwa kushirikiana na Radio Tanzania, iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, iliyodumu wiki 12. Watu wapatao milioni 2 walishiriki, nao hawakusikiliza mmoja mmoja majumbani. Walikusanyika katika vikundi vidogo vya kijiji na mtaa, kila kikundi kikiwa na kiongozi aliyepewa mafunzo na kitabu cha kufuatisha kipindi. Walisikiliza matangazo, wakazima redio, wakasoma kwa pamoja, wakajadiliana kuhusu malaria, kichocho au maji machafu ya kwao wenyewe, kisha wakaamua la kufanya. Vyoo vilichimbwa, vichaka vikafyekwa, madimbwi yakafukiwa.

Kitendo ninachotaka tukitazame hapo ni kile cha kuzima redio. Aliyeipanga kampeni alijua kwamba matangazo yenyewe hayatoshi, na kwamba jambo kubwa litatendeka baada ya sauti kunyamaza. Kampeni ilikuwa na kasoro zake pia. Mada zilichaguliwa na serikali, na mwanakijiji hakuwa na njia nyepesi ya kumrudishia mtangazaji neno lake. Leo njia hiyo iko mfukoni mwake. Tunacho chombo ambacho waandaaji wa 1973 hawakuwa nacho, na tumekipoteza kile walichokuwa nacho, yaani kikundi na ratiba.

Amana

Kabla sijatoa mapendekezo, niseme juu ya hatari. Mazungumzo ya baraza ni amana. Mtu hunena akijua nani yupo, na aliyepo hujua la kulichukua na la kuliacha pale pale. Sauti iliyorekodiwa haina ukuta huo. Mke anayemweleza dada yake matatizo ya ndoa anaweza kujikuta anasikilizwa na mtaa mzima kabla ya magharibi. Programu za akili unde sasa zinaweza kuiga sauti ya mtu kutokana na kipande kifupi tu, kwa hiyo kila voisi inayosambazwa ovyo ni mali inayoweza kughushiwa. Kenya ilipitisha sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Tanzania mwaka 2022. Sheria hizo ni za lazima, lakini sheria hufika baada ya siri kutoka. Pasipo adabu ya kuomba ruhusa, hakuna atakayethubutu kusema jambo zito kwenye simu, na kina tunachokitafuta hakitapatikana.

Hatari ya pili ni ndogo kwa umbo. Tangu 2021 WhatsApp inaruhusu kusikiliza ujumbe kwa kasi ya mara moja na nusu au mara mbili. Kwa taarifa ya mkutano, sina neno. Kwa mtu anayesita kwa sababu anatafuta namna ya kutaja msiba wake, kule kusita ni sehemu ya ujumbe, na kitufe cha kasi kinakufuta. Kinaturudishia ile haraka ya kikao ambayo kurekodi kulikuwa kumetuondolea.

Mapendekezo

Kwa wanaotumiana voisi, nasema hivi. Ukitaka mazungumzo ya kina na mtu, mwambie mapema kwamba hutarajii jibu leo. Muhula unaotangazwa haumtii mtu wasiwasi. Sema jambo moja kwa ujumbe mmoja, na ulimalize kwa swali unalotaka lijibiwe. Ukijibu, anza kwa kueleza umemwelewaje mwenzako, kama yule mshairi wa Lamu alivyobanwa na vina vya Mombasa. Sikiliza ulichorekodi kabla hujakituma. Chombo kinakuruhusu, na wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Usisambaze sauti ya mtu bila idhini yake, hata kama ni ya kumsifu.

Kwa wenye podikasti, nina ombi moja. Kila kipindi kiwe na swali la wazi, na kipindi kinachofuata kifunguliwe kwa majibu yaliyotumwa na wasikilizaji kwa sauti zao. Msichague sifa. Chagueni jibu lenye hoja nzito kuliko yote dhidi yenu, liacheni lisikike lote, kisha mlijibu.

Kwa vyuo, maktaba, misikiti, makanisa na vyama vya ushirika: turudishe vikundi vya kusikiliza. Gharama si kisingizio. Saa moja ya podikasti iliyobanwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde ni takriban megabaiti 29. Mmoja akiipakua mara moja, spika ndogo inawatosha watu 20. Kiongozi wa kikundi asimamishe kipindi kila baada ya dakika kumi, aulize swali, na azungushe zamu akianza na mdogo kuliko wote. Mwishoni kikundi kirekodi jibu lake la dakika tatu na kulituma kwa wenye kipindi. Hapo binti ambaye barazani angesubiri mpaka mada ihame atakuwa amesema kwanza, na neno lake litakuwa limefika mbali kuliko baraza lolote.

Mabibi na mabwana, leo tunazipima podikasti kwa idadi ya waliosikiliza, na watu wengi huipima voisi kwa alama za buluu zinazoonyesha kwamba imefunguliwa. Vipimo vyote viwili vinahesabu masikio. Napendekeza tuhesabu kitu kingine: ni mara ngapi jibu la mtu limemfanya msemaji airekebishe kauli yake hadharani. Podikasti yenye wasikilizaji mia tatu ambayo imerekebishwa na wasikilizaji wake mara kumi kwa mwaka imefanya kazi kubwa zaidi ya kufikiri kuliko ile ya laki tatu ambayo haijawahi kukatizwa.

Kipimo hicho kinanihusu hata mimi, kwani nimesema peke yangu kwa muda mrefu. Mwenyekiti, nakurudishia ukumbi. Nitashukuru kama swali la kwanza litatoka kwa yule ambaye hakukubaliana nami.